Vipuri Halisi vya Land Rover za Kale

Kufufua gari la kale huanza na makaratasi kabla ya spana, kwa kuwa kipuri hakiwezi kuitwa halisi pasipo kujulikana kwanza gari lenyewe lilitoka kiwandani na nini. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulihesabu kuwa la kihistoria gari lililotimiza angalau miaka 30, na kwa kipimo hicho cha umri zimo Land Rover zote za Series I, II na III, zilizoundwa Solihull, Uingereza, tangu 1948 hadi 1985. Katika Afrika Mashariki, ambako zilitumiwa na serikali, polisi, wamisionari na wakulima, baadhi yake zingali barabarani, ingawa ni nadra kukuta ambayo haijabadilishwa viungo mara kadhaa na mafundi waliotafuta kitakachoingia, si lazima kile kilichokuwamo. Mafundi hao hawastahili lawama, kwa sababu bila ujanja wao kusingebaki gari la kufufua.

Ushahidi wa kwanza ni namba ya chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi na injini. Kwa Series IIA, iliyoundwa kati ya 1961 na 1971, tarakimu tatu za mwanzo hueleza aina ya gari, upande wa usukani, na kama lilisafirishwa likiwa zima au katika vipande vya kuunganishwa ng'ambo, kazi ambayo kwa Land Rover za baadaye ilikuja kufanyika pia Thika nchini Kenya. Herufi inayofunga namba hiyo huonyesha hatua ya mabadiliko ya usanifu, na kwa vile giaboksi na ekseli nazo zina namba zake zenye herufi ya namna hiyo, magari mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kudai vipuri tofauti. Mnunuzi anayefika Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, akiulizia tu spea za Land Rover ya zamani, atauziwa kinachoingia. Mwenye namba ya kipuri aliyoitoa katika kitabu cha vipuri cha kiwanda ndiye anayeweza kubishana na muuzaji. Aidha, jumba la makumbusho ya magari lililoko Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kinachonukuu daftari za kiwanda, kikionyesha tarehe gari lilipoundwa na lilikopelekwa.

Jambo linalowachanganya wengi ni jina lililo kwenye boksi. Kampuni ya Rover haikuunda kila kitu, bali vifaa vya umeme vilitoka Lucas, breki zilitoka Girling na saa za dashibodi zilitoka Smiths, hivyo dinamo yenye jina la Lucas ni halisi sawasawa na ile iliyouzwa katika boksi la Rover. Boksi lenyewe si ushahidi, maana karatasi huchapishwa upya kwa urahisi. Kinachopaswa kukaguliwa ni chuma. Lucas ilikuwa ikigonga mwezi na mwaka wa uundaji juu ya dinamo na stata, na kifaa kilichofungwa kiwandani kinatarajiwa kuwa na tarehe iliyotangulia kidogo ile ya gari. Dinamo ya 1966 ndani ya gari la 1962 ni ya Lucas kweli, lakini haikuzaliwa na gari hilo.

Vipo pia vipuri vilivyoundwa zamani na kulala ghalani bila kutumika, ambavyo wakusanyaji huvigombania. Kwa gia, vioo na swichi mvutano huo unaeleweka. Kwa mipira ya breki ni hatari tupu, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukiwa umefungwa, nao ukipasuka breki hazishiki. Hapa uhalisi hauna budi kukipisha kipuri kipya kilichonakiliwa vizuri.

Mkataba wa Turin, ambao FIVA iliutoa kuwaongoza wahifadhi, unatanguliza kuhifadhi na kukarabati kilichopo kabla ya kubadilisha. Kwa Land Rover mwongozo huo unatekelezeka, kwani baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, na bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, mchanganyiko wa alumini usioshika kutu nyekundu, ingawa huliwa pale unapogusana na chuma. Mlango uliobonyea hunyooshwa, hivyo kununua mwingine mara nyingi ni haraka ya fundi.

Mgogoro mkubwa umo katika chasisi, ambayo ni chuma na huoza kutokea ndani, huku namba yake, kwa Series IIA, ikiwa imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na inaposhikwa springi. Chasisi mpya iliyopakwa zinki itadumu kuliko ya kwanza, lakini haina namba hiyo, na kuihamisha kwa kukata na kuchomelea huweza kulitia gari katika shaka mbele ya sheria na mbele ya wanunuzi. Ndiyo maana mafundi wenye subira hukata mikono ya pembeni iliyooza, wakachomelea mingine, na kuliacha pande la chuma lenye namba mahali lilipowekwa na kiwanda.