Filimbi ya Mpingo katika Hewa Kavu ya Joubert Park

Filimbi inayotumiwa katika muziki wa jadi wa Ireland ni ala ya mti inayopigwa ikiwa imelazwa, yenye tundu moja la kupulizia na matundu sita ya vidole, na noti yake ya chini kabisa kwa kawaida ni D. Asili yake si vijiji vya Ireland bali ni okestra za Ulaya, kwani Theobald Boehm wa Ujerumani alipobuni filimbi ya mfumo mpya mwaka 1832, akaibadili tena mwaka 1847, wapigaji wa okestra waliziacha polepole zile za zamani, nazo zikawafikia kwa bei nafuu watu waliopiga muziki wa dansi mashambani. Mafundi wa leo bado hufuata vipimo vya filimbi hizo za zamani zilizotengenezwa London, hasa za watengenezaji Rudall & Rose na zile za mtindo wa Pratten.

Anayetafuta filimbi ya namna hiyo akiwa Joubert Park, katikati ya Johannesburg, hayuko ugenini kabisa. Katika miaka ya 1950 mitaa ya jiji hilo ilivuma kwela, muziki uliopigwa kwa filimbi ndogo ya bati na kumpa umaarufu mpigaji Spokes Mashiyane, na mpangilio wa vidole kwenye matundu sita ya filimbi hiyo ni uleule wa filimbi ya Ireland. Kazi mpya ni ya midomo, kwa sababu filimbi ya bati huielekeza pumzi yenyewe, ilhali ile ya kulazwa humwachia mpigaji kazi hiyo yote.

Mti unaopendwa zaidi na mafundi ni mpingo, ambao hukua taratibu mno na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Sehemu ya mpingo wa Tanzania hutoka misitu ya vijiji vya Kilwa, ambako wanavijiji wenyewe husimamia uvunaji. Tangu mwishoni mwa mwaka 2019 ala iliyokamilika haihitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, lakini magogo na mbao bado vinakihitaji. Kwa hiyo fundi anayekereza mpingo anapaswa kuweza kueleza ulikotoka.

Hata hivyo, weusi na mng'ao, ambavyo wauzaji hawachoki kuvisifu, si mambo ya kwanza ya kutazamwa. Johannesburg iko takribani mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na majira yake ya baridi, Juni hadi Agosti, ni makavu sana. Mti ambao haukukaushwa vya kutosha husinyaa katika hewa hiyo, na hatari huwa kubwa zaidi pale kipande cha kichwa kinapokuwa na bomba la chuma ndani yake, ambalo huwekwa ili filimbi iweze kurefushwa au kufupishwa wakati wa kulinganisha sauti. Mti husinyaa, chuma hakisinyai, na ufa hufuata. Hapo ndipo fundi wa karibu anapomshinda wa mbali: aliukausha mti wake katika hewa ileile itakamopigwa ala, na filimbi ikipata ufa au viungo vikilegea, hurudishwa kwake bila kuvuka mpaka.

Anayeanza hahitaji vibonyezo vya chuma, kwa kuwa nyimbo nyingi za Ireland ziko katika D na G, ambazo matundu sita yanazitosheleza, tena vibonyezo hupandisha bei sana. Matundu makubwa ya mtindo wa Pratten hutoa sauti nene lakini hudai pumzi nyingi na vidole virefu, hivyo matundu ya wastani ni salama zaidi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aipige D ya chini kisha D ya oktava ya juu, akitumia kipima sauti cha simu kuona kama zinalingana, na ikiwa hajui kupiga aende na anayejua.

Filimbi mpya ipigwe dakika chache tu kwa siku katika wiki za kwanza, ifutwe ndani kila baada ya kupigwa, ipakwe mafuta ya lozi mara kwa mara, na wakati wa baridi ihifadhiwe ndani ya kisanduku kilichofungwa, mbali na hita.