Maji ya Kusatsu Yanayokula Chuma

Katika milima ya mkoa wa Gunma, kaskazini-magharibi mwa Tokyo, kuna mto unaolishwa chokaa. Unaitwa Yukawa. Usiku na mchana, kiwanda kimoja humimina ndani yake rojo jeupe la mawe ya chokaa yaliyosagwa, makumi ya tani kwa siku, wala kazi hiyo haisimami kwa sikukuu au kwa theluji. Ilianza mwaka 1964. Kiwanda chenyewe hakitengenezi bidhaa yoyote ya kuuza. Kipo ili kuutuliza mto, kwa kuwa maji yake yanashuka kutoka Kusatsu, na maji ya Kusatsu ni asidi.

Kabla ya chokaa, mto Agatsuma unaopokea maji hayo ulikuwa kama mfu. Samaki hawakuishi ndani yake, wakulima hawakuthubutu kuyaelekeza maji yake mashambani, na nguzo za madaraja zililiwa taratibu mwaka hadi mwaka. Mpango wa kujenga bwawa la Yanba kwenye mto huo uliibuka mwaka 1952, ukawekwa kando kwa sababu zege na chuma visingedumu katika maji ya aina ile. Chokaa ndiyo iliyoufufua mpango, ingawa ubishi na wakazi wa bonde uliuchelewesha tena, na bwawa likakamilika mwaka 2020. Leo maji hayo hushuka hadi mto Tone, ambao Tokyo huutegemea kwa maji ya kunywa. Tope linalobaki baada ya asidi na chokaa kumalizana hutuama katika bwawa dogo la Shinaki, ambalo maji yake yana rangi ya kijani iliyochanganyika na weupe wa maziwa. Huko inabidi lichotwe na kuzikwa mlimani, na milima haina nafasi isiyo na mwisho.

Mgeni anayekwenda Kusatsu hupanda kuyaelekea maji hayo yanakotoka. Treni kutoka stesheni ya Ueno, Tokyo, huchukua kama saa mbili na nusu hadi Naganohara-Kusatsuguchi, kisha basi hupanda kwa dakika 25 hivi hadi mji ulio mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka, pua ndiyo hufika mjini kwanza. Harufu ya yai viza imetanda kila mahali: ni gesi ya salfa inayotoka ardhini pamoja na mvuke. Ikiwa umevaa pete ya fedha, ivue mapema, maana salfa huigeuza fedha kuwa nyeusi. Televisheni na viyoyozi navyo huzeeka upesi hapa, kwa kuwa gesi hiyo hiyo hutafuna nyaya za shaba.

Japani ina vyanzo vya maji moto zaidi ya 27,000. Sheria yake ya mwaka 1948 ni nyepesi: maji yanayotoka ardhini yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi au zaidi, au yakiwa na kiasi fulani cha madini yaliyoorodheshwa, basi ni onsen, chemchemi inayotambuliwa rasmi. Kwa kigezo hicho, maji mengi ya visima vya pwani yetu yangefuzu bila taabu. Kusatsu iko katika daraja jingine kabisa. Maji hutoka yenyewe, bila pampu, zaidi ya lita 32,000 kila dakika kwa mji mzima, na hakuna mji wa chemchemi nchini humo unaoushinda kwa maji yanayobubujika kwa nguvu zake yenyewe. Kipimo chake cha pH ni karibu 2.1, sawa na maji ya limau. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini kila hatua moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi. Kwa hiyo ukilinganisha na maji safi yasiyo na asidi wala magadi, ya Kusatsu yana asidi karibu mara 80,000. Msumari wa chuma uliotumbukizwa humo hukonda siku baada ya siku hadi uwe kama sindano.

Asidi hiyo hutoka wapi? Mvua na theluji huanguka juu ya Kusatsu-Shirane, volkano iliyo hai inayouinamia mji. Maji hupenya kwenye nyufa za miamba na kukutana na gesi zinazopanda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka chini kabisa: gesi za salfa, na gesi ya kloridi ya hidrojeni. Za kwanza huzaa asidi ya salfa, ile iliyomo kwenye betri ya gari. Ya pili huzaa asidi ya kloridi, ile iliyomo tumboni mwetu. Maji yaliyochacha hivyo huyeyusha miamba njiani, hasa aluminiamu iliyomo ndani yake, na yanapotoka juu yamebeba mlima ulioyeyuka. Kwa hiyo anayejitosa Kusatsu anaoga ndani ya kazi ya volkano ambayo haijamalizika.

Katikati ya mji kuna Yubatake, yaani shamba la maji moto, na jina limekaa sawasawa. Maji hububujika yakiwa na nyuzi hamsini na kitu, mvuke ukifunika mitaa, kisha huongozwa kwenye mifereji saba ya mbao iliyolala sambamba kama matuta. Humo hupoa kidogo na kuacha unga wa salfa wa manjano, ambao huvunwa, hukaushwa na kuuzwa kwa watu wanaotaka kuutia kwenye maji ya kuogea nyumbani. Mbao zimechaguliwa kwa sababu haziliwi na asidi upesi kama chuma. Sura ya uwanja wa leo, wenye ukingo uliopinda kama kibuyu, ilibuniwa na msanii Taro Okamoto na kukamilika mwaka 1975. Nguzo za ukingo huo zimechongwa majina ya watu mashuhuri 100 wanaosemekana kuzuru Kusatsu. Watawala wa ukoo wa Tokugawa hawakulazimika hata kusafiri: Yoshimune, mtawala wa karne ya 18, aliagiza maji ya hapa yapakiwe mapipani na kupelekwa Edo, ambayo leo ni Tokyo.

Lakini nyuzi hamsini huunguza. Mtu yeyote angefikiri dawa ni rahisi, mtu atie maji baridi. Wenyeji walikataa, maana ukiongeza maji baridi umeipunguza asidi, na asidi ndiyo waliyoifuata. Wakabuni njia inayoitwa yumomi. Watu hujipanga kuzunguka birika, kila mmoja ameshika ubao wenye urefu wa karibu mita 1.8, na kwa pamoja huyageuza maji kushoto na kulia huku wakiimba. Wimbo hauko pale kwa mapambo. Mbao ndefu zikikosa mdundo mmoja hugongana, na mikono huchoka kabla maji hayajapoa. Kila mgeuzo huleta maji ya chini juu, mvuke hupaa na kuondoka na joto, na madini hubaki yote. Mimi naiona kuwa mojawapo ya teknolojia nzuri kabisa zilizowahi kubuniwa na watu wasio na mashine: inapoza bila kuchuja, bila kuongeza, bila kupoteza. Leo wanawake wa mji huionyesha kila siku katika jengo la Netsu-no-yu, na wageni hupewa mbao wajaribu.

Baada ya kugeuza maji, wagonjwa wa zamani waliokuja kutafuta tiba waliingia kwa utaratibu mkali. Kwanza kila mmoja alijimwagia maji ya moto kichwani kwa kata, mara 30 hivi, ili asizimie. Kisha, kwa amri ya kiongozi, wote walijitosa pamoja katika maji ya nyuzi 48, wakakaa dakika tatu bila kujitikisa, kwa kuwa maji yakitulia ngozi hupata nafuu na yakitikisika huunguza upya. Kiongozi aliita muda unavyokwenda, nao wakamwitikia kwa sauti moja. Kuitikia kulimwonyesha pia nani bado ana fahamu.

Aliyeipeleka sifa ya Kusatsu nje ya Japani ni daktari Mjerumani, Erwin Bälz, mzaliwa wa Bietigheim, aliyefika Tokyo mwaka 1876 kufundisha udaktari na baadaye akawa tabibu wa jumba la kifalme. Alistaajabia maji, lakini pia hewa ya mlimani, akanunua ardhi hapa. Sayansi ya baadaye haikumpinga kabisa. Chuo Kikuu cha Gunma kilikuwa na tawi la hospitali Kusatsu, na watafiti wake walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa ukurutu sugu, kuoga katika maji haya kulipunguza bakteria wanaoichokonoa ngozi na muwasho ukatulia. Vijidudu vingi havivumilii asidi ya namna hii.

Kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao maji hayakuuweza, na hapo historia ya mji huu inauma. Wagonjwa wa ukoma walimiminika Kusatsu kutoka pande zote za Japani kwa matumaini. Bakteria wa ukoma hujificha ndani ya mishipa ya fahamu, mahali ambapo maji ya kuogea hayafiki. Hata hivyo walipata kitu ambacho kwingine walinyimwa: mahali pa kuishi. Mwishoni mwa karne ya 19 walitengewa mtaa wa Yunosawa, wakafungua nyumba za wageni na maduka, wakaoana, wakalipa kodi. Mary Cornwall Legh, mmisionari Mwingereza wa Kanisa la Anglikana, alihamia kwao akiwa tayari mtu mzima, akawajengea hospitali, shule na makazi. Kisha serikali ikaamua kwamba wagonjwa wote nchini wafungiwe. Mwaka 1932 ilifungua kituo cha Rakusen-en nje ya mji, na baada ya miaka kadhaa Yunosawa ikavunjwa. Ndani ya Rakusen-en kulijengwa vyumba vya adhabu visivyo na moto wala taa, ambamo kati ya mwaka 1938 na 1947 walifungiwa wagonjwa 93 walioletwa kutoka vituo mbalimbali vya nchi, bila kesi wala hakimu. Kati yao 23 walikufa humo au kwa sababu ya kufungiwa humo, katika baridi ya mlimani inayogandisha kila kitu. Sheria ya kuwatenga ilifutwa mwaka 1996 tu, miongo mingi baada ya dawa kupatikana, na mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ikatamka kwamba ilivunja katiba. Makumbusho ya vyumba hivyo yapo, umbali mfupi kutoka Yubatake. Ningemsihi kila anayekwenda kuoga Kusatsu aende na huko.

Kuhusu kuoga kwenyewe, adabu zake ni chache na zina sababu. Unaoga na kujisugua kwanza nje ya birika, umeketi kwenye kigoda, mpaka povu lote liishe. Birika ni la kujipumzisha, si la kuondolea uchafu. Huingii na nguo, na kitaulo hakiguswi na maji ya birika. Wanaume na wanawake wana vyumba tofauti. Kwa wengi wetu tuliolelewa kuficha uchi hata mbele ya ndugu, hili ni zito, na hakuna haja ya kujilazimisha: nyumba nyingi za wageni hukodisha birika la faragha kwa familia, au zina vyumba vyenye birika lake. Usifikiche macho. Kidonda kidogo, hata mchubuko wa wembe, utakukumbusha kuwa umo ndani ya asidi. Dakika chache zinatosha, unatoka, unapumzika, unarudi.

Joto lililo chini ya mji huu linatakiwa pia na wazalishaji wa umeme. Japani inakadiriwa kuwa ya tatu duniani kwa akiba ya jotoardhi, baada ya Marekani na Indonesia, na kampuni zake ni mabingwa wa kutengeneza mitambo. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, Kenya, uliowashwa mwaka 1981, ulitoka kwa Mitsubishi. Lakini leo Kenya inazalisha umeme mwingi wa jotoardhi kuliko Japani yenyewe. Sababu moja kubwa ni kwamba maeneo mengi mazuri ya kuchimba yamo ndani ya hifadhi za taifa au jirani na miji ya chemchemi, na wenye chemchemi wanahofia kwamba visima virefu vitayavuta maji yao. Kusatsu ni miongoni mwa waliosimama kidete kupinga, pale mradi ulipopendekezwa katika kijiji jirani cha Tsumagoi. Naielewa hofu yao. Mji ambao uhai wake wote unatoka kwenye ufa mmoja wa mwamba hauwezi kufanya jaribio kisha ukaomba radhi.

Na mlima hauhitaji kuchokozwa. Juu ya Shirane kuna ziwa la kreta liitwalo Yugama, la rangi ya kijani kibichi cha kupendeza, miongoni mwa maziwa yenye asidi kali zaidi duniani, na wanasayansi wamelichunga kwa miaka mingi kwa vyombo vya kupima mitikisiko na gesi. Lakini asubuhi ya tarehe 23 Januari 2018 mlipuko haukutokea hapo. Ulitokea upande wa Motoshirane, kilele cha pili kilichokuwa kimenyamaza kwa muda wa takriban miaka 1,500, pembeni mwa uwanja wa kuteleza kwenye theluji, bila onyo lolote. Maji ya chini yalipata joto ghafla, yakawa mvuke, yakalipua mwamba. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa mazoezini alifariki, na watu kadhaa walijeruhiwa na mawe. Mjini, maji ya Yubatake yaliendelea kutiririka. Tangu hapo vyombo vimeongezwa upande huo pia, na Idara ya Hali ya Hewa ya Japani hutangaza kiwango cha tahadhari cha kila kilele kwa namba. Anayetaka kupanda kuliona ziwa aitazame namba hiyo kwanza, kwa sababu njia za juu hufungwa na kufunguliwa kadiri mlima unavyobadilika.