Fahamu: Kwa nini Ligi Kuu ya Wanawake Kenya inazidi kupata mashabiki

Jijini Nairobi, kutoka Loresho hadi Kangemi, mazungumzo ya mpira wa wanawake si mageni tena. Kulikoni?

Jibu kubwa ni matokeo. Klabu ya Vihiga Queens ilitwaa taji la CECAFA, la ukanda wa Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2021 ikashiriki Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake ilipoanza. Mwaka 2024 Kenya Police Bullets wakafika fainali ya CECAFA.

Lakini lililogusa watu zaidi ni timu ya taifa, Junior Starlets. Mwaka huohuo wasichana hao wa chini ya miaka 17 walikwenda Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya kike au ya kiume, kucheza Kombe la Dunia. Walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakailaza Mexico 2-1. Msichana wa Kibagare, mtaa wa mabanda ulio papo hapo Loresho, aliona wenzake wakiimba wimbo wa taifa mbele ya dunia.

Kushangilia pekee hakutoshi. Mchezaji anahitaji mkataba, mshahara unaolipwa kwa wakati na daktari uwanjani. Hapo ligi yetu bado inadaiwa, na mashabiki tuna haki ya kulidai deni hilo.