Usiku katika mlango wa Kilindini: taa isiyosogea ndiyo inayokujia

Nilikuwa na miaka 17 usiku ule tulipokuwa tukirudi Mji wa Kale kutoka upande wa Likoni, mimi na ami yangu, ndani ya mashua ya futi 20 yenye mashine ndogo nyuma. Bahari ilikuwa shwari. Ami alikuwa mbele akikunja nyavu, nami nimeshika shikio. Mkono wangu wa kulia, chini karibu na maji, kulikuwa na kitu nilichodhani ni nyota nyeupe. Niliipenda kwa sababu haikuyumba. Ilizidi kung'aa, lakini mahali pake haikutoka.

Ami aliinua kichwa akaniuliza, "Mwanangu, nyota gani hiyo ina nyekundu chini yake?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshafika nyuma, amenipokonya shikio na kuigeuza mashua tulikotoka. Dakika chache baadaye meli ya makontena ilipita mahali ambapo tungekuwa. Mngurumo wake tuliusikia ilipokuwa tayari ubavuni mwetu. Haikupiga honi, na sidhani kama kuna aliyejua huko juu kwamba tulikuwepo. Sisi hatukuwa na taa, na tochi yetu ilikuwa imekwisha betri tangu magharibi. Kosa lilikuwa letu.

Tangu hapo nimeendesha boti ndogo katika maji haya kwa miaka mingi, na bado naona vijana wakitoka usiku kama tulivyotoka sisi. Maji yenyewe yamejaa. Kati ya Ras Serani na bandari utakutana na meli za mizigo, boti za kuvuta meli, boti za marubani, feri za Likoni, wavuvi na mitumbwi, wote katika njia moja nyembamba. Hebu tuelezane namna ya kupita humo na kufika nyumbani.

Meli kubwa haikuoni

Wengi hudhani kwamba meli ikiwa na rada na mabaharia wa zamu, lazima itatuona. Tusijidanganye. Mbao na faiba hazirudishi mawimbi ya rada vizuri kama chuma. Mashua ya mbao iliyokaa chini majini yaweza kuonekana kama wimbi tu, au isionekane kabisa.

Pili, anayeiongoza meli yuko juu sana, na mara nyingi mbele yake kuna makontena yaliyorundikwa. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinakubali kwamba maji yaliyo mbele ya omo yanaweza kufichika machoni pake kwa umbali wa hadi mita 500. Meli inayotembea kwa noti 10, yaani kama kilomita 18 kwa saa, hula takriban mita 300 kila dakika. Fanya hesabu mwenyewe: tangu upotee machoni pake hadi omo ikufikie, hazitimii dakika 2.

Tatu, hata ikikuona, itafanya nini? Meli yenye mzigo haishiki breki kama matatu. Na ndani ya mlango wenye miamba huku na huku, haina pa kukwepea. Ndiyo maana sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinasema wazi kwamba chombo cha chini ya mita 20, au chombo cha tanga, kisiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama ila ndani ya mlango mwembamba. Anayepaswa kukaa kando ni sisi.

Taa yako mwenyewe

Sheria hizo hazimdai mvuvi makubwa. Boti ya mashine iliyo chini ya mita 7, ambayo mwendo wake wa mwisho hauzidi noti 7, inaruhusiwa kuwasha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Mashua yetu ya usiku ule ilihitaji taa hiyo moja tu. Boti yenye kasi zaidi, au ndefu zaidi lakini chini ya mita 12, iongeze nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia. Chombo kidogo cha tanga au cha makasia kisichoweza kuwasha taa hizo kiwe na tochi au fanusi ya mwanga mweupe, tayari mkononi, ionyeshwe mapema kabla mambo hayajaharibika.

Taa nyeupe ifunge juu ya mti, ipite vichwa vya abiria. Ikiwa chini, mtu mmoja akisimama ameizima kwa wanaotoka upande wake, na wewe mwenyewe itakupofua. Nyekundu na kijani usizibadilishe pande. Nimewahi kukutana na boti yenye kijani kushoto. Ilikuwa ikinijia, nami nikaamini inakwenda zake. Na wenzangu mnaobeba watalii, taa za mapambo za buluu, zambarau na kijani zinazomulika maji hupendeza kwenye picha, lakini kwa nahodha mwingine ni kelele tupu. Ukiwa safarini zizime, ubaki na taa zinazosema ukweli.

Ukitaka meli au feri ikuone kwa tochi, usimlenge nahodha machoni. Mulika tanga lako, au ubavu wa chombo chako. Kitu kikubwa kilichoangazwa huonekana kuliko nukta ya mwanga.

Kusoma taa za wengine

Kila taa ya chombo ni neno. Ukiona nyekundu, unaona ubavu wa kushoto wa chombo hicho, na omo yake imeelekea kushoto kwako. Ukiona kijani, omo yake imeelekea kulia kwako. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, inakuja moja kwa moja kwako. Nyeupe peke yake yaweza kuwa nyuma ya chombo, boti ndogo, au chombo kilichotia nanga, kwa hiyo usiipuuze mpaka uijue.

Meli ndefu ina taa mbili nyeupe za milingoti, ya mbele chini na ya nyuma juu. Itazame ile ya chini: upande ilioko ndiko meli inakokwenda. Taa hizo mbili zikianza kukaribiana hadi moja isimame juu ya nyingine, meli imegeuza omo kukuelekea. Ondoka mapema.

Nyeupe juu ya nyekundu ni boti ya rubani, na mahali ilipo, meli haiko mbali. Nyekundu juu ya nyeupe ni chombo kinachovua. Kipe nafasi, maana nyavu zake huenda zimetanda usikoziona. Na kuna moja iuayo haraka zaidi: nyeupe mbili au tatu zilizosimama wima mbele ni dalili ya boti inayovuta kitu. Huko nyuma, pengine mbali, kuna tishari lenye taa hafifu, na kati yao kuna kamba ya chuma iliyozama majini. Kamwe usipite katikati. Zungukia nyuma ya tishari, au subiri.

Taa isiyosogea

Sasa turudi kwenye nyota yangu. Barabarani tumezoea kuogopa kinachosogea. Baharini usiku ni kinyume: taa inayobaki palepale huku ikizidi kung'aa ndiyo ya kuogopwa.

Kipimo chake hakihitaji dira ya gharama. Shika mwendo na mwelekeo mmoja bila kuyumba, kaa mahali pamoja, kisha ilinganishe taa unayoishuku na kitu kilicho kwenye chombo chako: mlingoti, ncha ya ubao, fundo la kamba. Ngoja kidogo, tazama tena. Taa ikiwa imesogea kuelekea omo yako, chombo hicho kitapita mbele yako. Ikiwa imerudi kuelekea nyuma yako, utapita wewe mbele yake. Ikiwa haikutoka mahali pake, mnaelekea kukutana.

Nyongeza moja muhimu: kwa meli ndefu iliyo karibu, kipimo hiki hakitoshi. Omo yaweza kukupita salama na ubavu ukakukumba. Kipimo kifanye ingali mbali, na ukishaamua kukwepa, kwepa kwa ishara kubwa inayoonekana: punguza mwendo kabisa, au geuka wazi wazi. Kugeuka kidogo kidogo kunamchanganya mwenzako.

Mji unaficha mengi

Shida ya Mombasa ni kwamba taa za meli huchanganyika na taa za nchi kavu. Nyuma ya meli kuna mataa ya bandari, magari, majengo na ufuo wa Mama Ngina. Nyekundu ya chombo hupotea kati ya nyekundu nyingine. Hapo mimi hutazama kinyume: badala ya kutafuta taa, natafuta giza. Taa za ng'ambo zikianza kuzimika moja baada ya nyingine, na zile za kwanza zikirudi kuwaka, kuna kitu kikubwa cheusi kinapita mbele yake.

Macho nayo yatunze. Yanahitaji kama nusu saa gizani kabla hayajaona vizuri, na kutazama simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Karabai ikiwaka ndani ya boti, nahodha ni kipofu. Ukiwa na mwenzako, mmoja ashike shikio na mwingine awe macho tu, mbele na nyuma. Kila baada ya muda punguza mashine usikilize. Honi fupi moja ina maana chombo kinageuka kulia, mbili, kushoto, tatu, mashine zake zinarudi nyuma. Tano au zaidi, za haraka, maana yake ni: sielewi unachofanya, hatari! Ukizisikia na ukaona uko peke yako karibu na chombo hicho, zimepigwa kwa ajili yako.

Wapi upite, vipi uvuke

Ukiingia kutoka bahari kuu, maboya mekundu huwa kushoto na ya kijani kulia; ukitoka ni kinyume. Meli inabanwa kati ya maboya hayo, wewe hubanwi. Nje yake, kwenye maji machache, ndiko usalama wa chombo kidogo. Lakini yajue maji yako. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na pahali ulipopita jioni pengine ni mwamba mtupu usiku wa manane.

Ukilazimika kuvuka njia ya meli, vuka kama mtu avukaye barabara kuu: moja kwa moja, bila kusitasita katikati, na baada ya kuhakikisha pande zote mbili. Meli ikiwa inakuja, ngoja ipite, kisha uvuke nyuma yake. Mawimbi yake yakikujia, usiyape ubavu. Yapokee kwa omo, kimshazari, mwendo ukiwa mdogo.

Kwa feri za Likoni, kumbuka zinaingiza na kutoa magari pande zote mbili, kwa hiyo umbo lake halikuambii zinaelekea wapi, na mwanga mkali wa sitaha humeza taa zake za njia. Mkondo ukiwa mkali huenda kimshazari. Iliyosimama gatini yaweza kung'oa wakati wowote. Usikate mbele yake kwa kutegemea kwamba utawahi.

Ikitokea ajali, mwenye redio ya VHF aite kwenye chaneli 16. Asiye nayo awe na simu ndani ya mfuko usioingiza maji, na jaketi la kuokolea liwe mwilini. Lililofungiwa chini ya nyavu halimsaidii mtu aliyekwisha kutupwa majini. Kabla ya kutoka, mwambie mtu nchi kavu uendako na saa ya kurudi, ili ajue lini aanze kukutafuta.

Ombi langu

Ninaziomba BMU za kutoka Mtwapa hadi Likoni zifanye jambo moja: chombo kisitoke bandari ya wavuvi jioni bila taa nyeupe inayowaka na betri ya akiba. Bei yake ni ndogo kuliko ya jarife, na jarife tunanunua. Wazee wetu walisema tahadhari kabla ya athari, na hapa tahadhari ni taa moja juu ya mti.

Ami yangu sasa amezeeka, haendi tena baharini. Lakini nikipita kwake kumuaga jioni, haniulizi kuhusu upepo wala samaki. Huuliza swali moja, nami siondoki mpaka nimeenda kuangalia tena: "Taa yawaka?"