Usafi Mkubwa wa Nyumba: Mara Nne kwa Mwaka, Kabla na Baada ya Mvua



Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa Kampala usafi wa kila siku haukosekani. Chumba hufagiwa asubuhi, vyombo huoshwa, nguo hufuliwa siku ya mapumziko. Lakini ule usafi mkubwa, wa kutoa vitu vyote nje, kusugua kuta na kuanika magodoro, aghalabu hufanywa mara moja tu kwa mwaka, wiki ya Krismasi, ili wageni wakute nyumba inang'aa. Makala haya yanaeleza kwa nini mara moja haitoshi, na jinsi mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki anavyoweza kuigawa kazi hiyo mara nne kwa mwaka bila kujivunja mgongo na bila gharama kubwa.

KWA NINI TUFUATE MVUA

Adui mkubwa wa nyumba zetu si vumbi bali ni maji. Kampala hupata misimu miwili ya mvua. Wa kwanza, ambao Waganda huuita ttoggo, ni wa Machi hadi Mei, na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote. Wa pili, ddumbi, huanza kati ya mwisho wa Agosti na Septemba, ukaendelea hadi Novemba au mwanzo wa Desemba. Katikati kuna miezi ya ukavu: Januari na Februari, kisha Juni na Julai.

Mfanyakazi wa mshahara mdogo hupanga chumba mahali penye kodi nafuu, na kodi nafuu mara nyingi iko bondeni: Bwaise, Katanga, Kisenyi, Namuwongo. Maji ya vilima vyote huteremkia huko. Tarehe 26 Machi 2025 mvua kubwa ilifurisha sehemu nyingi za Kampala na watu kadhaa wakafa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilifuatwa na kipindupindu mjini. Mapema mwaka 2015 homa ya matumbo ilienea Kampala, na maji machafu ya kunywa yalionekana kuwa chanzo chake. Zaidi ya hayo kuna malaria, ambayo huongezeka kila mvua zinapopita.

Kila ugonjwa wa namna hiyo humwondoa mfanyakazi kazini, na kwa kibarua anayelipwa kwa siku, siku ya kulala kitandani ni siku isiyo na posho. Kwa hiyo mpango wetu ni mwepesi kukumbuka: mara mbili tunasafisha kabla ya mvua ili kuzuia, na mara mbili tunasafisha baada ya mvua ili kuondoa kile ambacho mvua imeacha.

1. FEBRUARI: KUJIANDAA NA TTOGGO

Siku hii ni ya paa, mitaro na sakafu. Kagua mabati mchana jua likiwa kali: mlango ukifungwa, kila tundu litaonekana kama nukta ya mwanga. Ondoa majani na takataka katika mfereji wa paa. Zibua mtaro unaopita mbele ya chumba, na matope usiyaache ukingoni, maana mvua ya kwanza itayarudisha ndani.

Ndani ya chumba, inua vitu vyote kutoka sakafuni. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda na ya kabati. Vyeti vya shule, mkataba wa kazi, kadi ya chama na risiti za kodi vitiwe katika mfuko wa nailoni na kutundikwa juu. Wengi hukumbuka karatasi hizo baada ya mafuriko, wakati haziwezi tena kusomeka.

Nje, zika au tupa makopo, matairi na vifuu vinavyoweza kushika maji. Mbu hukua kutoka yai hadi mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 14, kwa hiyo mapipa ya maji nayo yafunikwe.

2. JUNI: KUONDOA UNYEVU

Ttoggo ikiisha, chumba huwa na ukungu ukutani na harufu ya unyevu godoroni. Juni ina sikukuu mbili za taifa, tarehe 3 na tarehe 9. Anayekwenda Namugongo siku ya Mashahidi anaweza kutumia tarehe 9.

Toa vitu vyote nje. Sugua ukungu kwa maji ya sabuni, kisha pitisha dawa ya klorini, na uuache ukuta ukauke kabisa kabla ya kupaka chokaa au rangi. Ukipaka rangi juu ya ukungu, utachomoza tena katika mvua zijazo. Usikaushe chumba kwa kuwasha sigiri huku mlango umefungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, na hewa hiyo huua watu usingizini.

Anika godoro kutwa, ukiligeuza adhuhuri. Fungua viungo vya kitanda, maana humo ndimo kunguni wanamojificha. Jua peke yake haliwatoshi, kwa kuwa hukimbilia upande wa kivuli. Mwagia viungo maji yanayochemka, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Kisha rudia kazi hiyo baada ya wiki mbili. Mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa, na wadogo hao hawajapata kuzaa. Watu wengi hushindwa na kunguni kwa sababu hawarudii.

3. AGOSTI: CHOO NA MITARO KABLA YA DDUMBI

Choo cha shimo kinyonywe wakati wa ukavu. Mvua zikianza, maji ya ardhini hupanda, shimo hujaa upesi, na gari la kunyonya huweza kushindwa kupita katika matope. Wako wanaongoja mvua kubwa ili wakifungulie choo kimwagike mtaroni. Uchafu huo huishia katika chumba cha jirani wa chini na katika chemchemi anakochota maji. Uchafu wa choo unatakiwa kupelekwa katika mitambo ya kusafishia, kama ile ya Bugolobi na ya Lubigi, na gharama ya kunyonya igawanywe kwa makubaliano na mwenye nyumba.

Hii pia ni nafasi ya kuzibua mitaro mara ya pili na kuondoa takataka zote. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua, likafunika nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Ajali ile ilionyesha kwamba taka za jiji zima huishia juu ya vichwa vya watu wachache. Basi tupunguze tunachotupa: maganda ya matoke yaende kwa mwenye mbuzi au ng'ombe, na chupa na vyuma viuzwe kwa wanaovinunua.

4. DESEMBA: MAJI, JIKO NA KUTA

Ddumbi ikimalizika, fanya kazi uliyoizoea ya kabla ya Krismasi, lakini anza na vyombo vya maji. Jerikeni iliyokaa na maji mwaka mzima huwa na utelezi ndani. Tia changarawe kidogo, sabuni na maji, tikisa kwa nguvu, kisha suuza mara kadhaa. Kazi hii irudiwe kila mwezi. Baada ya hapo ondoa masizi ya jikoni, safisha nyuma ya makabati wanakozaliana mende, halafu paka chokaa.

Kwa Waislamu, Ramadhani na Idi huja mapema zaidi kwa kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka. Chagua usafi mmoja kati ya hii minne ulio karibu na sikukuu, usiongeze wa tano.

CHANDARUA KIFULIWE KILA MARA

Vyandarua vyenye dawa, ambavyo serikali imegawa bure nchini mara kadhaa tangu mwaka 2013, hutengenezwa ili vidumu miaka mitatu na kustahimili kufuliwa mara 20. Ukikifua katika kila usafi mkubwa, utakuwa umekifua mara 12 kwa miaka mitatu, na dawa itakuwa bado inafanya kazi. Tumia sabuni ya kawaida na maji baridi, usitie klorini, na ukianike kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu dawa. Tundu likionekana, lishonwe siku hiyo hiyo.

TAHADHARI YA DAWA

Dawa ya klorini ya dukani, ambayo wengi huiita jiki, huwa na nguvu ya karibu asilimia 3.5. Kwa sakafu na choo, changanya sehemu moja ya dawa na sehemu sita za maji, nawe utapata nguvu ya asilimia 0.5. Osha kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala na amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa inayounguza mapafu.

Ndugu zetu wa mashamba ya chai na miwa wanajua dawa za kuua magugu na wadudu. Dawa hizo zisiletwe nyumbani kuua kunguni, na madumu yake yasitumiwe kwa maji ya kunywa hata yakioshwa mara ngapi. Hali kadhalika asidi na vimiminika vya kiwandani vibaki kiwandani.

NANI AFANYE KAZI HII?

Katika nyumba nyingi kazi hii humwangukia mke, hata kama naye ametoka zamu ya usiku. Jambo hilo si la haki. Mpango uandikwe ukutani na kila mtu apewe sehemu yake: mume paa, mitaro na kubeba godoro, watoto wakubwa kuosha jerikeni, mke na mume kusugua kuta pamoja. Kazi ikigawanywa hivyo, chumba kimoja humalizika kabla ya jioni.

Mitaro na vyoo haviwezi kusafishwa na mpangaji mmoja. Ukisafisha mbele ya mlango wako na jirani asisafishe, maji yatarudi kwako. Wapangaji wa uwanja mmoja wakubaliane tarehe na kumjulisha mwenyekiti wa LC1. Desturi ya bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja kwa manufaa ya wote, ni ya zamani katika nchi hii, nayo yafaa sana hapa.

Lakini si kila kitu ni juu ya mpangaji. Paa linalovuja, ukuta uliopasuka na choo kilichobomoka ni juu ya mwenye nyumba. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inamtaka kupangisha nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu. Mpeni taarifa kwa maandishi, mkitia sahihi wote, mwezi Februari na Agosti, kabla mvua hazijaanza. Na wanaokaa katika nyumba za kampuni huko mashambani walete orodha ya matengenezo kwa mwakilishi wa chama tawini.

Siku za kufanyia kazi hii zipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko baada ya siku sita za kazi mfululizo, na likizo yenye malipo ya siku saba kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Kanuni za mwaka 2011 nazo zinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo apewe mkataba wa maandishi na asihesabiwe tena kuwa kibarua. Ukitenga siku moja ya mapumziko katika kila msimu, zitakuwa siku nne tu kwa mwaka. Asiyepewa mapumziko hayo asinyamaze, amwone mwakilishi wa chama mahali pake pa kazi.

Chukua kalenda leo, weka alama katika Februari, Juni, Agosti na Desemba, kisha uwaonyeshe majirani.