Ghala lina mali, kompyuta yasema haipo: kasoro huanzia wapi?

Mwenye duka la vipuri mjini Kigali au Bujumbura anapoagiza matairi kwa muuzaji wa jumla wa Dar es Salaam, jambo linalomsumbua zaidi si bei. Bei huijua tayari. Anataka kujua mzigo utatoka lini na utafika lini. Kwa kuitegemea tarehe hiyo hutoa malipo ya awali, hukodi lori na huwaahidi wateja wake. Tarehe ikiwa si ya kweli, hasara humwangukia yeye kabla ya kumgusa muuzaji. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo ni takriban kilomita 1,500, na lori lililokodiwa likifika ghalani na kukuta mzigo haupo, kila siku ya kungoja ina malipo yake.

Zamani tarehe hiyo ilitoka kinywani mwa mtunza ghala, aliyeijua mali yake kwa kuiona. Leo wauzaji wakubwa huiachia kompyuta. Programu za biashara kama SAP, Oracle na Odoo zina sehemu ambayo kazi yake ni kupima kiasi cha mali kinachoweza kuahidiwa, na kutoa tarehe papo hapo wakati oda inapopokewa. Malalamiko yanayofuata huwa ya aina mbili zinazopingana: ama programu imeahidi mali isiyokuwapo, ama imekana mali ambayo mtunza ghala ameiegemea. Lawama hutupiwa kompyuta. Hata hivyo, mara nyingi hesabu yake huwa sahihi kabisa. Yenye kasoro ni mipangilio iliyojazwa siku programu ilipoanzishwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme ghala lina matairi 120 ya kipimo kimoja. Mteja wa Mwanza amekwisha kuahidiwa 100, naye atayachukua tarehe 20. Meli inatarajiwa kuleta mengine 200 tarehe 25. Leo ni tarehe 10, na mnunuzi wa Kigali anataka 50. Anayetazama sakafu ya ghala peke yake ataona 120 na kukubali mara moja. Tarehe 20 ikifika, mteja wa Mwanza atakuta matairi 70. Programu iliyopangwa vema hutazama mbele: yaliyo huru leo ni 20 tu, na 30 yaliyobaki yanaweza kuahidiwa kuanzia tarehe 25. Jibu hilo halimfurahishi mnunuzi, lakini ni jibu ambalo anaweza kulipangia safari.

Ili ifike kwenye jibu hilo, programu lazima iwe imeambiwa ni mali ipi ihesabiwe. Je, iliyo sakafuni tu, au na ile iliyo melini? Iliyofika bandarini lakini haijamaliza taratibu za forodha ihesabiwe? Inayosubiri ukaguzi wa ubora je? Na akiba ambayo mwenye ghala hapendi iguswe? Kila swali ni kisanduku cha kuwekewa alama katika mipangilio, na kila kisanduku hubadilisha tarehe anayopewa mteja. Katika SAP, kwa mfano, kanuni hizi huwekwa kwa makundi, kisha kila bidhaa huunganishwa na kundi lake. Bidhaa iliyosahauliwa, au iliyotiwa katika kundi lisiloifaa, huweza kuahidiwa bila kupimwa ipasavyo, na hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Mitego miwili hapa huwapata hata mafundi wazoefu. Wa kwanza ni tarehe iliyopita. Meli ya tarehe 25 imechelewa, na hakuna aliyeibadilisha tarehe yake katika kompyuta. Tarehe 26 programu inaona mzigo uliopaswa kufika jana. Isipozuiwa katika mipangilio, huweza kuuhesabu kama mzigo wa leo, na kesho kama mzigo wa kesho, ikiendelea kuahidi matairi ambayo bado yako baharini. Mtego wa pili ni muda wa kuagiza upya. Baadhi ya programu huwa na kanuni isemayo kwamba, baada ya siku kadhaa, kiasi chochote kinaweza kupatikana kutoka kwa mtengenezaji, na kwa hiyo chochote kinaweza kuahidiwa. Kanuni hiyo ina maana ikiwa siku zimejazwa kwa ukweli. Nafasi ikiachwa na sifuri, programu huelewa kwamba mali kutoka China hufika siku ile ile inapoagizwa, na hukubali kila oda bila kusita.

Malalamiko ya upande wa pili, yaani mali ipo lakini programu inaikana, aghalabu hutokana na mahali. Kompyuta haioni ghala; inaona orodha ya maghala. Kampuni ya Hershey ya Marekani, itengenezayo chokoleti, ilijifunza hilo kwa gharama kubwa mwaka 1999. Iliwasha programu 3 mpya kwa pamoja, SAP ikiwa mojawapo, katika mradi wa dola milioni 112, miezi michache tu kabla ya Halloween, sikukuu ya mwishoni mwa Oktoba ambapo watoto wa nchi hiyo hugawiwa peremende. Oda zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100 zilishindwa kufikishwa, ingawa peremende zenyewe zilikuwapo. Sababu mojawapo iliyotajwa baadaye ni kwamba, katika miezi ya kazi nyingi, wafanyakazi walikuwa na desturi ya kuhifadhi mali katika vyumba vya ziada, na vyumba hivyo havikuandikishwa katika programu mpya kama sehemu za kuhifadhia. Mali iliyokuwa humo ikawa, kwa kompyuta, haipo duniani. Faida ya kampuni katika robo ile ya mwaka ilipungua kwa asilimia 19.

Kanda hii haikosi vyumba vya aina hiyo. Kontena lililogeuzwa stoo nyuma ya duka, ghala la kukodi kwa miezi miwili, mzigo uliowekwa kwa jirani kwa sababu ya mvua: vyote hujulikana kwa mtunza ghala na kwa hakuna mwingine.

Vipimo navyo vina lao. Muuzaji hununua kwa katoni, huuza kwa kipande, na kompyuta inahitaji kuambiwa katoni moja ina vipande vingapi. Akikosea anayejaza, katoni 40 huwa vipande 40, au vipande 40 huwa katoni 40. Kampuni ya maduka ya Target, pia ya Marekani, ilipoingia Kanada ilijaza taarifa za bidhaa zake kwa haraka, na baadhi ya vipimo vikaandikwa kwa inchi mahali palipotakiwa sentimita. Maghala yakafurika huku rafu za maduka zikiwa tupu. Januari 2015 ilitangaza kuyafunga maduka yote 133, kabla ya kutimia miaka 2 tangu la kwanza lifunguliwe Machi 2013. Vipimo havikuwa sababu pekee ya anguko hilo, lakini rafu tupu ndizo wateja walizoziona.

Kwa anayeagiza kutoka nchi nyingine, kalenda na saa ni mambo ya kutazamwa kwa jicho la pekee. Tarehe 1 Julai ni sikukuu Rwanda na Burundi. Tarehe 4 Rwanda hupumzika tena, na tarehe 7, Saba Saba, ni zamu ya Tanzania. Programu iliyopewa kalenda ya nchi moja tu itaahidi mzigo kupakiwa, kuvuka mpaka au kupokewa siku ambayo milango imefungwa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi pia, saa za asubuhi, Rwanda iko kwenye umuganda. Halafu kuna tofauti ya saa moja. Ikiwa ghala la Dar es Salaam hufunga orodha ya oda za siku saa 10 jioni, oda iliyotumwa kutoka Kigali saa 9 na nusu imekwisha chelewa kwa nusu saa. Programu inayofuata saa ya mtumaji itasema imewahi. Wapakiaji watasema haikuwahi. Na anayejaza mipangilio akiandika 10:00 huku akikusudia saa kumi jioni, kompyuta, isiyohesabu saa kwa Kiswahili, itaifunga orodha saa nne asubuhi.

Zimebaki oda mfu: zile za wateja waliobadili nia na ambazo hakuna aliyezifuta. Kila moja inashikilia mali, na programu inaitunza ahadi hiyo kwa uaminifu mwaka mzima. Nyingi zikikusanyika, ghala hujaa matairi yasiyo na mnunuzi na yasiyouzika. Dawa yake ni kuweka ukomo, ili oda isiyolipiwa kwa siku fulani iachilie mali yenyewe.

Namna ya kuitafuta kasoro ni moja, nayo hupuuzwa kwa sababu huonekana ya kizamani. Huchukuliwa bidhaa moja na oda moja iliyoleta utata, si bidhaa 1,000 kwa pamoja, kisha hesabu hufanywa kwa karatasi na kalamu. Kisha programu huulizwa imefikaje kwenye jibu lake. Katika SAP kuna skrini iitwayo CO09 inayoorodhesha kila mzigo unaoingia na kila ahadi inayotoka kwa bidhaa hiyo. Mstari wa kwanza ambapo karatasi na skrini zinaachana ndipo penye kasoro. Panaporekebishwa, hurekebishwa jambo moja, hujaribiwa, ndipo la pili liguswe. Mafundi wanaobadilisha visanduku 5 kwa mkupuo mmoja huweza kulitibu tatizo bila kujua walilitibuje, na wiki ijayo likarudi.

Kabla ya hayo yote huulizwa swali dogo: takwimu hizi ni za lini? Katika mifumo mingi sehemu inayoahidi haisomi ghala moja kwa moja, bali husoma nakala inayochukuliwa kwa vipindi, pengine mara moja usiku. Nakala ya jana ikishindwa kuchukuliwa, ahadi zote za leo zimejengwa juu ya ghala la juzi, na mipangilio haina hatia.

Mnunuzi aliye ng'ambo ya mpaka hawezi kuifungua programu ya muuzaji, lakini anaweza kumuuliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Tarehe aliyopewa inatokana na mali iliyo sakafuni au iliyo melini? Ikiwa ni ya melini, tarehe ya meli ilithibitishwa mara ya mwisho lini? Na je, kiasi chake kimeshikiliwa kwa jina lake, au kimeonekana tu kwenye skrini? Muuzaji anayeweza kumtumia karatasi yenye jina lake, idadi ya matairi na ghala yalimo amekwisha kujibu swali la tatu.