Mashoga wa sinia moja na aliyepunguzwa tumbo

Huku kwetu pwani, kuanzia Takaungu hadi Mambrui na kupita, mtu akikutana na mwenziwe baada ya siku nyingi humtazama mwili kwanza, ndipo amsalimu. Akimwona amejaa, humwambia, "Mashaallah, umenenepa, naona mambo ni mazuri." Akimwona amepungua, huishusha sauti na kumuuliza, "Kwani wewe waumwa?" Kunenepa kwetu ni pongezi na kukonda ni rambirambi. Bibi harusi wa zamani alipowekwa ndani alisingwa, akapakwa liwa, akalishwa, ili siku ya kutolewa watu wamwone ametoka kwenye neema. Ndiyo lugha tuliyolelewa nayo, na wala hatuikumbuki kuwa ni lugha mpaka amtokee mtu ambaye haimfai.

Mtu huyo sasa yupo miongoni mwetu. Ni yule aliyepasuliwa tumbo ili apungue uzito. Hawajawa wengi katika Malindi na Kilifi, kwani gharama yake ni laki kadhaa za shilingi, na wanaoitaka huifuata Nairobi, na wenye uwezo zaidi huvuka bahari hadi India au Uturuki. Lakini wapo, na nimeona, ndugu msomaji, kwamba kidonda cha kisu hufunga kwa majuma machache, bali kile wanachotiwa na mashoga zao hukaa. (Nasema shoga kwa maana yake ya asili ya pwani, mwanamke rafiki wa mwanamke mwenzake. Hiyo maana mpya iliyotujia haimo katika makala haya.)

Yafaa kwanza tuijue operesheni yenyewe, maana mengi yanayosemwa barazani juu yake ni ya kubuni. Si kufyonzwa mafuta. Kufyonza mafuta ni jambo jingine kabisa, la umbo, na wala si dawa ya unene. Hii yahusu mfuko wa chakula. Mwaka 1966 Dkt. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza njia ya kukifanya chakula kipite kando ya sehemu kubwa ya mfuko huo. Inayofanywa zaidi ulimwenguni siku hizi ni nyingine: mfuko hukatwa kwa urefu wake, robo tatu na zaidi ikaondolewa, kikabaki kifuko chembamba mfano wa ndizi, ambacho hakibebi zaidi ya vikombe viwili au vitatu vya kahawa chungu, vile vidogo vya muuza kahawa. Na ile sehemu inayoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ambayo wataalamu wa Japani waliigundua mwaka 1999. Kwa hivyo mtu huyu hajizuii tu kula. Njaa yenyewe imepunguzwa, na nafasi ya kukitia chakula haipo.

Wala madaktari hawamkubalii kila ajaye. Huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tangu mwaka 1991 kipimo kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari hao vilishusha hadi 35 hata kwa asiye na maradhi, na 30 kwa mwenye sukari. Mwanamke wa urefu wa mita 1.60 hufika 40 akiwa na kilo 103 hivi. Wanawake wa kimo hicho na uzito huo tunao kila mtaa, tukiwaita watu wa heri. Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mmoja katika kila wanawake watatu walio katika umri wa kuzaa amezidi uzito. Ule wa 2022 ulipata wanakaribia nusu.

Jirani yetu mmoja, ambaye jina lake nalificha kwa heshima yake, alikuwa na kilo 118. Ni shoga wa mke wangu tangu wakiwa chuoni, wakisoma juzuu kwa mwalimu mmoja. Alikuwa na sukari, alikuwa na presha, na magoti yake yalikuwa yamekataa. Kilichomliza hakikuwa sukari wala presha. Kilichomliza ni kwamba kwa miaka minne alisali juu ya kiti, asiweze kuteremka kusujudu na, akiteremka, asiweze kuinuka. Watoto wake wanaofanya kazi Muskati wakachanga, akapelekwa. Baada ya mwaka mmoja alikuwa amepungua kilo 36, sukari imeshuka hata daktari akamwondolea sindano, na paji la uso wake limerudi kugusa msala.

Ungedhani mtaa mzima ungepiga vigelegele. Haukupiga.

Shida ilianza siniani. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sinia ni nini, ila yafaa tulitazame kwa jicho la mtu huyu. Harusini au hitimani watu huketi wanne au watano kulizunguka sinia moja la pilau au biriani, kila mmoja na upande wake, mikono ikienda na kurudi. Mkono unaosita huonekana. Mwenye kifuko cha vikombe viwili hula matonge manne madogo, akitafuna polepole, na maji hanywi mpaka ipite nusu saa, kwani chakula na maji havipati nafasi pamoja. Akilazimisha tonge la tano, hutapika. Akila halua au kaimati zilizochovywa shira, huenda moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, tumbo likamwendesha, akatafuta mahali pa kulala. Haya hawayaoni waliomzunguka. Wanaloliona ni kwamba ameunawa mkono wake mapema, na upande wake wa sinia umebaki umejaa.

"Kwani chakula chetu kina nini?" aliulizwa katika harusi moja hapo Shela, na aliyemuuliza ni shoga waliyeshonana naye sare miaka ishirini. Mwingine akajibu kwa niaba yake, kwa sauti ya kusikiwa hata na sinia la pili: "Mwache, huyo sasa tumbo lake la kizungu." Wakacheka. Naye akacheka pia, kisha akarudi nyumbani na hakwenda harusini tena kwa muda wa miezi mitano.

Hayo ni ya mbele ya uso. Ya nyuma ya mgongo yalikuwa mabaya zaidi, na hapa nataka tuwe wakweli juu ya asili yake. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya themanini tunaijua hofu ya kukonda ilikotoka. Mwaka 1985 madaktari waliokwenda Rakai, Uganda, waliandika habari za maradhi ambayo wenyeji waliyaita silimu, kwa jinsi yalivyomkausha mtu. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alikuwa ametambuliwa mwaka mmoja kabla. Tangu hapo, mtu mnene akipungua ghafla, ulimi wa jirani huenda mahali pamoja tu. Leo mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri hunawiri kama mtu yeyote, na jambo hilo kila mtu analijua, lakini macho yetu yamebaki mwaka 1985. Jirani yetu, mjane wa miaka sita, alisikia kwamba watu wamehesabu tena mumewe alikufa na nini. Sura ya Hujurat, aya ya 12, imemfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya nduguye aliyekufa, na aya hiyo husomwa kwa sauti nzuri katika kila mtaa wa Malindi. Basi mwanamke huyu alilaumiwa kwa kutokula pilau na watu ambao wao walikuwa wakila kitu kingine.

Lilikuja na shauri la dini pia. Akaambiwa amebadili umbo alilopewa na Mola wake. Hili si la kupuuzwa, kwani mwenye imani huliogopa. Lakini mashekhe wengi wamelitenga tangu zamani jambo la tiba na jambo la pambo, na anayekatwa kwa ajili ya sukari na magoti yuko upande wa tiba, kama anayetolewa jiwe la figo. Na kama ni mafunzo, kila mtoto wa chuo amefundishwa kwamba tumbo ligawanywe: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Tumehifadhi, tukaja siniani tukaisahau ile theluthi ya pumzi.

Wako pia wasemao kwamba ni njia ya mkato ya mvivu. Huyo asemaye hivyo hajaishi majuma mawili kwa maji, maziwa na supu iliyochujwa, kisha majuma mengine kwa vyakula vilivyopondwa kama vya mtoto anayeachishwa ziwa. Hajaona nywele zikimtoka kwa mafungu mwezi wa nne, wala ngozi ya mikono ikining'inia kama nguo ya kuazima. Vitamini, chuma na kalsiamu ni za kumeza umri wote. Na asipoangalia, uzito hurudi, kwani kifuko hutanuka kidogo na soda haihitaji nafasi kubwa.

Nimejiuliza kwa nini marafiki wawe wagumu hivi. Wengi hukimbilia kusema ni husuda. Kijicho kipo, sikatai, lakini mimi naona kuna jambo jingine linalokitangulia. Wanawake hawa walinenepa pamoja. Walizaa pamoja, walipika pamoja kwenye masufuria ya harusi, walisaidiana kupanda matatu, walitaniana juu ya magoti yao. Mmoja akiondoka katika hali ile, waliobaki hujiona wameulizwa swali ambalo hawakulitaka. Yeye hakuwauliza. Mwili wake umewauliza. Ndipo huja ile kauli ya "kula kidogo tu, shoga, haitakudhuru", inayosemwa kwa sauti ya mapenzi, na ambayo maana yake ni rudi kwetu.

Na si kwetu tu. Nchini Sweden kuna uchunguzi mkubwa ulioanza mwaka 1987, uliowafuata watu zaidi ya elfu mbili waliopasuliwa na wengine mfano wao wasiopasuliwa. Ulionyesha kwamba waliopasuliwa walipungukiwa na vifo. Lakini mwaka 2018 wataalamu waliochunguza watu wa uchunguzi huo na wengine waliandika jambo ambalo daktari hakulitarajia: miongoni mwa waliokuwa na wenzi, waliopasuliwa waliachana zaidi, na miongoni mwa waliokuwa peke yao, waliopasuliwa walioa na kuolewa zaidi. Ikiwa ndoa hutikisika, urafiki wa sinia moja utabaki vipi? Hospitali ya Muhimbili tawi la Mloganzila, Dar es Salaam, nayo imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni miaka hii ya 2020, na magazeti ya huko yaliliandika jambo hilo kwa hamu. Habari za puto zilijaa kurasa. Habari za shoga wa aliyewekewa puto sikuziona.

Sasa alifanya nini jirani yetu? Kwanza aliacha kumweleza kila mtu. Alimchagua shoga mmoja, naye akawa ni mke wangu, akamwonyesha karatasi za daktari na makovu matano madogo ya tumboni, akamwambia, "Wakikuuliza, jibu wewe, mimi nimechoka." Hili nadhani ndilo lililomwokoa. Neno la mgonjwa hupokewa kama udhuru, bali neno la shahidi hunyamazisha. Pili, alianza kwenda harusini mapema, akaingia jikoni kupakua. Mpakuaji haulizwi kala nini. Mikono yake iko kazini, yuko na wenziwe, na tonge zake nne huzila kwa kisahani, kwa nafasi yake, kabla masinia hayajatoka. Tatu, wale wawili waliosema maneno ya mumewe aliwaacha. Hakugombana nao, hakuwakatia salamu, ila mlangoni kwake hawaingii tena. Mke wangu aliona ni ukali. Mimi sioni hivyo. Mtu akikuchimbulia maiti yako, salamu yatosha.

Ramadhani ya mwaka wa kwanza daktari alimkataza kufunga, akatoa fidia, na walikuwako waliosema amefanya hivyo kwa kupenda kula, watu wale wale waliomlaumu kwa kutokula. Ya mwaka wa pili aliruhusiwa. Alifuturu kwa tende moja na maji kidogo kidogo, akasali Magharibi, ndipo akala, kisha akaendelea kunywa maji kwa mafunda mpaka daku, kwani hatari yake kubwa ni kukaukiwa. Anayetaka kumfuata asimfuate bila ya kumuuliza daktari wake mwenyewe, kwa kuwa matumbo hayalingani.

Siku moja aliniomba nimtungie maneno ya kumpelekea yule shoga wa Shela, wa sare za miaka ishirini, ambaye kumpoteza hakutaka. Nikampa ubeti huu:

Shoga kula si lazima, twaa chako kwa kiasi,
Tonge langu ukipima, usinitie utesi,
Niulize kwa huruma, nitakujibu upesi,
Twaketi pamoja vyema, sinia halina kesi.

Aliupeleka kwa simu. Jibu halikuja siku ile, wala juma lile. Baadaye alimpelekea madira yake ya zamani, manane, yaliyokuwa yanamfaa yule kwa mwili. Yakarudishwa na mtoto, yamekunjwa vizuri, bila ya neno. Mfungo Tatu ijayo kuna harusi Mambrui ya jamaa wa wote wawili, na sare imeshachaguliwa. Fundi aliniambia kwamba aliyekwenda kulipia kitambaa cha jirani yetu ni yule wa Shela, na kwamba alimuuliza kama vipimo alivyo navyo ni vya zamani au vya sasa.